Sampuli iwe kubwa kiasi gani ndipo uwiano ufuate mgawanyo wa kawaida?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika afya ya jamii. Nilitaka kukadiria ni asilimia ngapi ya watoto wa chini ya miaka mitano katika kata moja wana vimelea vya malaria kwa kipimo cha haraka. Taarifa za awali zilionyesha kiwango cha asilimia 5, kwa hiyo niliingiza kiwango hicho pamoja na kosa linalokubalika la asilimia 5 kwenye kanuni ya ukubwa wa sampuli, nikapata watoto 73. Baadhi ya wazazi hawakuridhia, nikabaki na watoto 60, na kati yao 3 walikutwa na vimelea. Nilipokokotoa masafa ya uhakika ya asilimia 95 (mipaka ambamo kiwango halisi kinatarajiwa kuwemo) yalianzia hasi 0.5 na kuishia asilimia 10.5. Msimamizi wangu anasema sampuli ikivuka 30 mgawanyo unakuwa wa kawaida, ule wa umbo la kengele. Kitabu kimoja kinataka np, yaani ukubwa wa sampuli (n) mara kiwango kinachotarajiwa (p), ifike 5, kingine kinataka 10. Nimfuate nani, na nilipaswa kupima watoto wangapi?

JIBU: Kwa uwiano hakuna idadi moja ya sampuli inayotosha kwa kila hali, iwe 30 au nyingine yoyote. Kinachoamua ni watu wangapi unaotarajia kuwapata katika lile kundi dogo kati ya makundi mawili, yaani wenye sifa unayoitafuta na wasio nayo. Kwako kundi dogo ni la watoto wenye vimelea, na kwa sampuli ya 60 lilitarajiwa kuwa na watoto 3 tu, idadi ambayo haitoshi kwa kipimo cha kitabu chochote kati ya hivyo viwili. Kitabu kinachotaka 5 kingekudai watoto 100, na kile kinachotaka 10 kingekudai watoto 200. Ukinilazimisha kuchagua, nitachagua cha 10. Hata hivyo, ushauri wangu hasa ni kwamba uiache kanuni ya masafa uliyoitumia, kwa sababu ipo nyingine isiyodai sampuli kubwa kiasi hicho, na data ulizo nazo zinaweza kuchambuliwa kwa kanuni hiyo leo hii bila kurudi kwenye kata.

Msimamizi wako ana chanzo cha ile 30, ila chanzo hicho kinahusu jambo jingine. Ni kanuni ya wastani wa vipimo vinavyoendelea, kama uzito wa mtoto au kiwango cha hemoglobini, ambapo mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani) haujulikani na unakadiriwa kutoka kwenye sampuli yenyewe. Hapo hutumika mgawanyo wa t, na ukifungua jedwali lake utaona kwamba kwa digrii 30 za uhuru, yaani sampuli ya watu 31, thamani ya asilimia 95 ni 2.042, wakati ile ya mgawanyo wa kawaida ni 1.960, tofauti ni ndogo, na walimu wa zamani, waliofanya kazi kwa majedwali ya karatasi, waliona wanaweza kuipuuza. Hata kwa wastani kanuni hiyo inafaa tu pale ambapo data zenyewe hazijaegemea mno upande mmoja. Kwa uwiano, kila mtoto anatoa 0 au 1, na namna namba hizo zinavyoegemea upande mmoja inategemea p pekee. Ukiwa na p ya nusu, hakuna kuegemea kabisa; ukiwa na p ya asilimia 5, data zako ni rundo la sifuri lenye moja chache zilizotawanyika.

Ndiyo maana sarafu ya kurushwa hewani huwadanganya wanafunzi wengi. Ukiirusha mara 10 tu, uwezekano halisi wa kupata vichwa 2 au pungufu, kwa mgawanyo wa binomia (ule wa kuhesabu matokeo ya ndiyo au hapana), ni asilimia 5.5, na makadirio ya mgawanyo wa kawaida, ukiwa umefanya sahihisho la nusu hatua (kuhesabu hadi 2.5 badala ya 2), ni asilimia 5.7. Mirusho kumi inatosha kukaribia hivyo. Historia nayo ilianzia hapohapo: Abraham de Moivre, Mfaransa aliyeishi London, alionyesha mwaka 1733 kwamba binomia hukaribia mkunjo ule wa kengele, na hoja yake aliijenga juu ya hali ya nusu kwa nusu. Pierre-Simon Laplace ndiye aliyeipanua kwa p yoyote, katika kazi yake kubwa ya mwaka 1812. Hoja zote mbili zinaeleza kinachotokea n inapokua bila kikomo, na hazikuambii kwamba ukifika namba fulani umeshafika.

Sasa tuangalie watoto wako 60 kwa karibu. Tuchukulie kwamba kiwango halisi katika kata ni asilimia 5 kamili. Idadi inayotarajiwa ni 3, na mkengeuko sanifu wake ni kipeuo cha pili cha 60 × 0.05 × 0.95, yaani 1.69. Mkunjo wa kawaida wenye kitovu kwenye 3 na upana huo unaweka takribani asilimia 3.8 ya uwezekano wake chini ya sifuri, mahali ambapo hakuna mtoto anayeweza kuhesabiwa. Upande wa kulia unafanya kinyume: uwezekano halisi wa kupata watoto 7 au zaidi ni asilimia 3.0, lakini mkunjo huo, hata baada ya sahihisho la nusu hatua, unasema ni asilimia 1.9. Kwa maneno mengine, mgawanyo wa kweli umebanwa na ukuta wa sifuri upande wa kushoto na una mkia mrefu upande wa kulia, huku mkunjo uliouazima ukiwa na mikia miwili inayolingana. Hasi 0.5 uliyoipata ni ule mkia wa kushoto ukipenya ukutani. Hukukosea hesabu.

Mara nyingi 5 na 10 hutolewa darasani kama amri, ilhali asili yake ni rahisi na inafaa kujulikana. Tuseme tunataka mkunjo wa kawaida uenee ndani ya mipaka halali, yaani kati ya 0 na n, angalau kwa mikengeuko sanifu miwili kila upande wa kitovu. Kwa upande wa kushoto sharti ni kwamba np izidi mara mbili ya kipeuo cha pili cha np(1 − p). Ukiweka pande zote kwenye kipeo cha pili na kurahisisha, unabaki na np kubwa kuliko 4(1 − p). Kwa kuwa (1 − p) haizidi 1, ukihakikisha np imefika 5 umelitimiza sharti hilo kwa ziada kidogo. Ukitaka mikengeuko mitatu badala ya miwili, sharti linakuwa np kubwa kuliko 9(1 − p), na 10 inalitimiza kwa namna ileile. Upande wa kulia hesabu ni hiyohiyo ukibadilishana p na (1 − p), ndiyo sababu kanuni hudai pia n(1 − p) ifike kiwango kilekile. Kwa hiyo vitabu vyako viwili havigombani: kimoja kimeridhika na mikengeuko miwili, kingine kinataka mitatu. Vipo pia vinavyoweka sharti moja tu, kwamba np(1 − p) ifike 9 au 10, na matokeo yake hayatofautiani sana na hayo.

Sharti la upande wa pili husahaulika mara nyingi. Mtu anayepima kiwango cha chanjo na kukuta asilimia 97 ya watoto 200 wamechanjwa hujiona ana namba kubwa mkononi, yaani watoto 194, lakini kundi dogo kwake ni la wasiochanjwa, nao ni 6 tu. Yupo katika hali inayokaribiana sana na yako.

Ukishaielewa kanuni hii utaona kwamba n inayotakiwa hubadilika mno kutoka sehemu moja hadi nyingine, hata ndani ya nchi moja na kwa ugonjwa mmoja. Katika uchunguzi wa viashiria vya malaria Tanzania wa mwaka 2017, kiwango kwa watoto wa chini ya miaka mitano kwa kipimo cha haraka kilikuwa takribani asilimia 7 kitaifa, lakini Kigoma kilikuwa takribani asilimia 24, huku Arusha, Kilimanjaro na Manyara zikiwa chini ya asilimia 1. Kwa kanuni ya 10, mtafiti wa Kigoma angehitaji watoto 42 tu; penye kiwango cha kitaifa angehitaji 143; na katika mikoa ile ya kaskazini hata watoto 1,000 wasingetosha. Anayewapa wote watatu namba 30 hajamsaidia hata mmoja, ingawa wa Kigoma ameponea chupuchupu.

Hadi hapa nimezungumzia umbo la mgawanyo. Mtafiti lakini halili umbo. Anachokihitaji ni kujua kama masafa anayoyaandika kwenye tasnifu yanatimiza ahadi ya asilimia 95. Hili ndilo suala zito zaidi, na ndipo hata kanuni ya 10 inapopungukiwa. Fikiria watafiti wengi, kila mmoja akichukua sampuli yake nasibu ya watoto 60 kutoka kwenye kata yenye kiwango halisi cha asilimia 5, kisha kila mmoja anakokotoa masafa kama ulivyofanya wewe, yaani uwiano alioupata, kujumlisha na kutoa 1.96 mara kosa sanifu (kadirio la jinsi uwiano unavyoyumba kutoka sampuli moja hadi nyingine). Masafa haya huitwa masafa ya Wald. Ahadi ni kwamba takribani 95 kati ya kila 100 wa watafiti hao watakuwa na asilimia 5 ndani ya masafa yao. Tuwafuate.

Asiyepata mtoto yeyote mwenye vimelea ana uwiano wa 0, kosa sanifu la 0, na masafa yanayoanzia 0 na kuishia 0, kana kwamba ana hakika kamili kuwa malaria haipo katika kata. Amekosa, na uwezekano wa kuwa katika hali yake ni asilimia 4.6. Aliyepata mtoto mmoja ana uwiano wa asilimia 1.67 na kosa sanifu la asilimia 1.65, masafa yake yanaishia asilimia 4.9, amekosa kwa unywele. Walio kama yeye ni asilimia 14.5 ya watafiti wote, na hao ndio wanaoharibu hesabu. Waliopata watoto 2 hadi 8 wote wana asilimia 5 ndani ya masafa yao. Waliopata 9 au zaidi wamekosa kwa upande wa pili, lakini ni wachache, asilimia 0.3 tu. Jumla ya waliokosa ni asilimia 19.4. Masafa yaliyoandikwa kuwa ya asilimia 95 kwa kweli ni ya asilimia 80.6.

Kama ungefanikiwa kuwapima wote 73, kiwango hicho kingepanda hadi asilimia 88.2. Kwa watoto 200, ambapo np inafika 10 na vitabu vyote viwili vinaridhika, kinakuwa asilimia 92.6, yaani bado hakijafika. Kupanda kwenyewe si kwa mteremko mmoja ulionyooka, kwa kuwa idadi ya watoto hurukaruka kwa namba nzima na masafa hurukaruka pamoja nayo. Mfano unaotajwa sana katika fani hii ni wa p ya asilimia 20: kwa n ya 30 masafa ya Wald yanatimiza ahadi kwa asilimia 94.6, lakini kwa n ya 98, sampuli iliyo zaidi ya mara tatu, yanashuka hadi 92.8. Ukilijua hilo, unaelewa kwa nini sipendi kumpa mwanafunzi namba moja na kumwambia kwamba akiifikia yuko salama.

Dawa ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1927 Mmarekani Edwin Bidwell Wilson alipendekeza tugeuze swali. Badala ya kuchukua uwiano uliopatikana, kuukokotolea kosa sanifu na kuuzungushia upana, tujiulize ni thamani zipi za p ambazo, kama ndizo za kweli, matokeo ya watoto 3 kati ya 60 yasingekuwa ya ajabu. Kosa sanifu hapo linakokotolewa kwa p inayojaribiwa, wala si kwa uwiano wa sampuli. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayomwokoa yule mtafiti aliyepata mtoto mmoja na hata yule aliyepata sifuri, kwa sababu kosa sanifu lake haliporomoki pamoja na namba aliyoipata.

Kwa mkono hesabu ni nyepesi. Kipeo cha pili cha 1.96 ni 3.84. Ongeza nusu yake, 1.92, kwenye idadi ya wenye vimelea, na 3.84 yote kwenye ukubwa wa sampuli, unapata 4.92 gawanya kwa 63.84, sawa na asilimia 7.7, nacho ndicho kitovu cha masafa. Upana wa kila upande ni 1.96 gawanya kwa 63.84, mara kipeuo cha pili cha jumla ya 60 × 0.05 × 0.95 na 0.96, unaokuja kuwa takribani asilimia 6.0. Masafa yako basi ni kutoka asilimia 1.7 hadi asilimia 13.7. Hakuna hasi, na kitovu kimesogea kulia kwa uwiano wa sampuli, kama inavyostahili pale ukuta wa sifuri ulipo karibu. Makadirio unayoyaripoti yanabaki asilimia 5; kinachobadilika ni masafa yanayoyazunguka. Ukiwarudia wale watafiti wa kufikirika na kuwapa kanuni hii, kiwango cha kutimiza ahadi kwa watoto 60 kinakuwa asilimia 97.0, kwa 73 kinakuwa 94.7, na kwa 200 kinakuwa 96.7. Kinayumba kidogo, lakini kando ya 95.

Wapo wasimamizi watakaokutaka utumie masafa kamili ya Clopper na Pearson, yaliyotolewa mwaka 1934, ambayo hayategemei mgawanyo wa kawaida hata kidogo bali hukokotolewa moja kwa moja kutoka kwenye binomia. Kwako yanatoa asilimia 1.0 hadi 13.9. Hayashuki kamwe chini ya ahadi yake, na gharama yake ni kuwa mapana kuliko inavyohitajika. Mimi huyaona kuwa ya tahadhari iliyopitiliza, ila sitamlaumu anayeyachagua. Katika programu ya takwimu ya R, amri ya prop.test ukiizima sahihisho la nusu hatua inatoa masafa ya Wilson, na binom.test inatoa yale kamili. Programu ya Stata nayo inayo yote mawili ndani ya amri ya ci proportions.

Kuhusu namba 73, nadhani ndipo tatizo lako lilipoanzia, kabla hata ya mzazi wa kwanza kukataa. Kanuni uliyotumia, ya kuzidisha 3.84 kwa p(1 − p) na kugawanya kwa kipeo cha pili cha kosa linalokubalika, imejengwa juu ya mgawanyo wa kawaida. Haiulizi kama mgawanyo huo unafaa. Inauchukulia kuwa unafaa, kisha inakupa n. Kwa p ya asilimia 50 na kosa la asilimia 5 inatoa 384.16, ndiyo ile 385 inayojirudia katika tasnifu nyingi za vyuo vyetu vya Afrika Mashariki, na hapo hakuna madhara kwa kuwa kila kundi lina watu wapatao 190. Ukiingiza p ya asilimia 5 bila kulibadilisha kosa, kanuni inatii na kukupa 73, sampuli ambayo np yake ni 3.65, na hivyo inakanusha msingi uleule iliotumia kuipata. Kosa lenyewe la asilimia 5 nalo halina maana juu ya kiwango cha asilimia 5, kwani linakuruhusu kusema kwamba malaria iko popote kati ya sifuri na maradufu ya ulichotarajia. Kanuni ya Yamane na jedwali la Krejcie na Morgan, ambavyo pia hutumika sana kupanga ukubwa wa sampuli, havikutumbukizi katika shimo hili kwa sababu vyote vinachukulia p kuwa nusu, lakini kwa sababu hiyohiyo haviangalii swali lako mahususi hata kidogo.

Kwa kiwango kidogo kama hiki kosa linalokubalika lazima lipungue pamoja nacho. Nusu ya kiwango ndiyo ninayoianzia mimi, yaani asilimia 2.5, na kanuni ileile inatoa watoto 292, wenye np ya 14.6. Ukitaka asilimia 2, unahitaji watoto 457, wenye np ya karibu 23. Angalia kilichotokea: ukichagua usahihi wenye maana, sharti la mgawanyo wa kawaida linajitimiza lenyewe bila kulitafuta. Katika utafiti wa viwango vya maambukizi hivi ndivyo inavyokuwa karibu kila mara, na ndiyo sababu ningekutaka uanze na usahihi unaouhitaji, kisha ukague np mwishoni.

Jambo moja la kiutaratibu: p hujui, ndiyo unayoitafuta, kwa hiyo unapopanga utafiti unakagua np kwa kiwango unachokitarajia, na baada ya kukusanya data unaangalia idadi uliyoipata yenyewe, wenye sifa na wasio nayo. Ukiwa unajaribu dai fulani, kwa mfano kwamba kiwango ni asilimia 10, unatumia p ya hilo dai na si uliyoipata. Na kama ungekuta sifuri kati ya 60, usingeandika kwamba malaria haipo; ungegawanya 3 kwa 60 na kusema kwamba, kwa uhakika wa asilimia 95, kiwango hakizidi takribani asilimia 5. Hesabu kamili inatoa asilimia 4.9.

Nimebakiza jambo ambalo hukulitaja. Yote niliyoyasema yanachukulia kwamba watoto 60 walichaguliwa kila mmoja peke yake. Katika utafiti wa kata ni nadra kuwa hivyo. Kwa kawaida mtafiti huingia kwenye kaya na kupima watoto wote wa umri unaotakiwa. Watoto wa kaya moja hulala chini ya paa moja, wanaumwa na mbu walewale, na kama chandarua kimechanika kimechanika kwa wote. Wale wako 3, ikiwa wawili ni ndugu, si ushahidi wa watoto watatu. Kipimo cha athari hii ni 1 jumlisha (m − 1) mara r, ambapo m ni wastani wa watoto waliopimwa kwa kaya na r ni kiasi ambacho watoto wa kaya moja wanafanana. Tuseme ulipima watoto 3 kwa kila kaya na r ni 0.2, athari inakuwa 1.4, na watoto wako 60 wana uzito wa watoto 43 waliochaguliwa mmoja mmoja. Rudi kwenye daftari la kaya uone wale 3 walitoka wapi kabla hujaandika sura ya matokeo, na kama walitoka kaya moja au mbili liseme wazi, kwa kuwa hata masafa ya Wilson yatakuwa membamba kuliko inavyostahili.

Kwa hiyo, kama kungekuwa na nafasi ya kuurudia utafiti, mpango ungekuwa hivi: watoto 292 kwa usahihi wa asilimia 2.5, mara 1.4 kwa ajili ya kaya, wanakuwa 409. Na kwa kuwa kati ya 73 uliowapanga ni 60 tu waliopimwa, ambao ni asilimia 82, unagawanya 409 kwa 0.82 na kupanga kuwafikia watoto wapatao 500. Kama muda na fedha haviruhusu, andika kwamba watoto 3 kati ya 60, sawa na asilimia 5.0, walikutwa na vimelea, kwa masafa ya uhakika ya asilimia 95 ya Wilson kutoka 1.7 hadi 13.7, taja kwamba masafa ya Wald hayakutumika kwa kuwa idadi ya wenye vimelea haikufika 10, na eleza jinsi kaya zilivyochaguliwa. Hapo mtahini atapaswa kubishana na upana wa masafa yako, na upana huo ni wa kweli.